Sheria Ina Siku Mbili za Kuzaliwa

Katika Sura ya 358 ya sheria za Tanzania imekaa tarehe ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia: Julai 22, 1920. Pale ambapo sheria zetu wenyewe hazikugusa jambo fulani, Mahakama Kuu inaruhusiwa kuchota katika sheria za Uingereza kama zilivyokuwa siku hiyo. Ilikuwa Alhamisi. Usukumani, Julai ni kiangazi. Mtama umeshaingia ghalani na vijana wanashindana kwa ngoma, Wagika upande huu, Wagalu upande ule. Hakuna aliyekatiza ngoma ili kuwatangazia kwamba tangu siku ile wana sheria mpya, iliyokusanywa kwa karne kadhaa na watu wasiowajua, katika lugha wasiyoielewa. Kwenye karatasi sheria hiyo iliwafikia wote kwa mara moja. Kwa miguu, ilichukua miaka.

Insha hii inahusu safari hiyo ya miguu.

Mimi ni mzaliwa wa Kahama, na kwa sasa ninasoma shahada ya uzamili ya historia Dar es Salaam. Tasnifu yangu inafuatilia sheria za madini katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Swali langu ni rahisi kuliuliza: sheria huanza lini? Wanasheria wana jibu lao, lina tarehe na namba ya tangazo. Wachimbaji wana jibu lao pia, nalo halina namba. Ninachotaka kusema ni kwamba sehemu kubwa ya historia ya ukanda huu imetokea katikati ya majibu hayo mawili, na kwamba nafasi hiyo ya katikati haijawahi kukosa wenyewe. Kila mara kuna anayelipa gharama yake, na kuna anayevuna.

Tuanze na wanasheria. Wizara ikitaka sheria, huandika waraka. Waraka hujadiliwa na makatibu wakuu, kisha Baraza la Mawaziri. Ukikubaliwa, waandishi wa sheria walio chini ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali huugeuza kuwa muswada, yaani huchukua nia ya wakubwa na kuipanga katika vifungu. Muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali ili wananchi wauone. Husomwa bungeni mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, na kamati huita wadau watoe maoni. Unarudi bungeni, unajadiliwa, unapitiwa kifungu kwa kifungu, unasomwa mara ya tatu, unapita. Kisha unakwenda kwa Rais. Akitia saini, muswada umekuwa sheria.

Lakini kuwa sheria si sawa na kuanza kutumika. Gazeti la Serikali hutoka kila Ijumaa, na kwa kawaida sheria huanza siku ilipochapishwa humo, isipokuwa kama yenyewe imesema vinginevyo. Sheria nyingi husema vinginevyo. Kifungu kifupi cha mwanzoni, ambacho wasomaji wengi hukiruka, huagiza kwamba sheria itaanza tarehe ambayo Waziri ataitaja kwa tangazo. Kwa hiyo sheria inaweza kupitishwa, ikasainiwa, ikapigiwa makofi, halafu ikalala.

Chini ya sheria kuna kanuni, na hapa ndipo mchimbaji anapokutana na dola. Sheria husema leseni itatolewa kwa utaratibu utakaowekwa. Kanuni ndizo zinazoweka utaratibu: fomu gani, ada kiasi gani, ofisi ipi, siku ngapi. Kanuni hazipigiwi kura na wabunge kabla ya kuanza. Waziri huziandaa, huzisaini, huzitangaza, kisha hupelekwa Bungeni baadaye. Sheria kubwa bila kanuni zake ni kama duara lisilo na kamba: unaliona, huwezi kushuka.

Juu ya yote haya kimekaa kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu, kinachosema kwamba kutojua sheria si utetezi. Huwezi kumwambia hakimu wa Geita kwamba Gazeti la Ijumaa halikufika Nyarugusu.

Kuna jambo jingine, la lugha. Katiba ya mwaka 1977 iliandikwa kwa Kiswahili, na Bunge hujadili kwa Kiswahili. Lakini kwa miongo mingi vifungu vya miswada viliandikwa kwa Kiingereza. Wabunge walisimama kujadili kwa Kiswahili maandishi ya Kiingereza, na mwishoni kabisa mwa muswada, baada ya kurasa nyingi za vifungu, paliwekwa maelezo mafupi ya Kiswahili yenye kichwa "Madhumuni na Sababu". Katika chumba cha East Africana, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimezoea kusoma miswada kuanzia nyuma. Huko nyuma ndiko dola inapozungumza na mwananchi kwa ufupi, kama mtu anayekuelekeza njia huku anatembea. Lakini mahakamani haikuchukui kwa maneno hayo. Inakuchukua kwa yale ya mbele.

Kabla sijafika kwenye dhahabu, nipite kwanza kwenye ng'ombe, kwa sababu huko sheria ilisafiri kinyume.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki zilizagaa magharibi mwa Usukuma na Unyamwezi, na wizi wa mifugo ukawa wa silaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Kahama na Nzega, watu walijipanga wenyewe. Walijiita Basalama, watu wa amani. Sisi wengine tuliwajua kwa jina la sungusungu. Walikuwa na mtemi wao, katibu wao, na filimbi ambayo ikilia kila mwanamume alitoka na upinde. Walikuwa na adhabu zao pia: faini, na iliyokuwa kali kuliko zote, kutengwa. Aliyetengwa hakusalimiwa, hakuuziwa chumvi, na akifiwa alichimba kaburi mwenyewe.

Hayo yote hayakuwa na kifungu hata kimoja. Kwa mujibu wa vitabu, kijiji kinachomkamata mtu na kumtoza faini kinavunja sheria. Lakini wizi ulipungua, chama na Serikali vikawasifu, na mwaka 1989 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za mgambo yaliyowapa sungusungu mamlaka ya kukamata. Sheria iliwakuta watu njiani wakiwa wameshatembea miaka saba hivi.

Nisiwapake rangi. Sheria ile ya kijiji ilikuwa na upande wa giza. Wanawake wazee walituhumiwa uchawi, wakafukuzwa, na katika mkoa wetu wa Shinyanga wengine waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyokula moshi wa kuni na samadi maisha yote. Sheria inayotoka kwa watu si lazima iwe ya haki. Ninachojifunza kwao ni kitu kidogo zaidi: kila mtu kijijini aliijua, na aliijua siku ileile. Filimbi haikuhitaji tafsiri.

Sasa twende Bulyanhulu.

Dhahabu ya Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama ya wakati huo, ilianza kuchimbwa na wachimbaji wadogo tangu miaka ya 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 palikuwa mji wa maturubai, wenye maduara, makarasha, mama lishe, misikiti na makanisa. Sheria iliyokuwepo ni ya mwaka 1979. Mwaka 1994 kampuni yenye wenyewe Kanada, Sutton Resources, ilipata haki ya eneo kupitia kampuni yake tanzu. Mwaka uliofuata ilikwenda Mahakama Kuu, Tabora, ikitaka wachimbaji waondolewe, na haikupata amri iliyoitaka. Mwishoni mwa Julai 1996 Serikali ikatangaza kwamba wachimbaji waondoke. Wachimbaji nao wakaenda kwenye mahakama ileile, na mwanzoni mwa Agosti ikatoa zuio. Siku chache baadaye maduara yalifukiwa.

Kilichofuata kimeandikwa sana. Wanaharakati walidai kwamba zaidi ya wachimbaji 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha, na mwaka 2002 ofisi ya usuluhishi ya taasisi ya Benki ya Dunia iliyoukatia mradi ule bima ilitoa ripoti ikisema haikuona msingi wa madai hayo. Mimi sina duara la kufukua ili kumaliza ubishi huo. Ninachokiona ni mwendo wa karatasi mbili. Amri ya kuondoka ilitamkwa mbele ya watu na ikafika siku ileile. Zuio la mahakama lilikuwa karatasi yenye muhuri, Tabora, safari ndefu kwa barabara za wakati ule. Zote mbili zilikuwa sauti ya dola moja. Iliyokuwa na magari ilitangulia.

Ukitazama kalenda utaona jambo la ajabu zaidi. Wachimbaji wa Bulyanhulu waliondoka mwaka 1996. Sheria mpya ya madini, ambayo ndiyo iliyojenga zama za migodi mikubwa, ilipitishwa 1998 na ikaanza kutumika Julai 1, 1999. Iliruhusu mwekezaji wa nje kumiliki mgodi wote, na mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 3. Mwaka huohuo wa 1999 kampuni ya Barrick ilinunua Bulyanhulu, mwaka 2000 mgodi wa Geita ukafunguliwa rasmi, na 2001 Bulyanhulu nao ukaanza kuzalisha. Tukisoma sheria peke yake tutadhani kwamba zama mpya zilianza Julai 1999. Kwa aliyekuwa na turubai Bulyanhulu, zilianza miaka mitatu kabla.

Sheria iliyofuata ilikwenda polepole, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoandikwa kwa utulivu kuliko nyingine. Malalamiko juu ya mikataba ya migodi yalipozidi, Rais Kikwete aliunda kamati mwishoni mwa 2007 chini ya Jaji Mark Bomani. Kamati ilitoa ripoti 2008. Sera mpya ya madini ikatoka 2009. Muswada ukapita bungeni Aprili 2010, ukasainiwa Mei, na sheria ikaanza kutumika Novemba 1, 2010, pamoja na kanuni zake. Miaka mitatu, kutoka lalamiko hadi fomu. Mrabaha wa dhahabu ukapanda hadi asilimia 4, na leseni ya uchimbaji mdogo, ile ambayo machimboni kila mtu anaiita PML, ikabaki kuwa ya Mtanzania na kuongezwa muda hadi miaka 7.

Halafu ukaja mwaka 2017. Machi Serikali ilizuia kusafirisha makinikia, ule mchanga wenye dhahabu na shaba kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, yote katika mkoa wa Shinyanga. Mei na Juni kamati mbili, ya Profesa Mruma na ya Profesa Osoro, zilisoma ripoti zao Ikulu huku nchi nzima ikitazama. Mwishoni mwa Juni miswada mitatu iliingia bungeni kwa hati ya dharura. Hati hiyo huruhusu muswada kuruka muda wa kawaida wa kukaa kwenye Gazeti ukisubiri kusomwa. Julai 3 na 4 yote ilikuwa imepita, na ndani ya wiki ile na iliyofuata Rais Magufuli akawa ameisaini. Mrabaha wa dhahabu ulifika asilimia 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na Serikali ikajipa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Tume ya Madini ikaundwa ili kushika kazi ya leseni.

Nilikuwa kidato cha tano. Nakumbuka tulivyoshangilia. Nami sishangai hata leo kwamba tulishangilia, maana tulikuwa tumekulia kando ya uzio wa migodi hiyo na tulijua kilichoingia na kilichotoka. Lakini hati ya dharura huharakisha kupita kwa sheria tu. Haiharakishi kanuni, wala haiundi ofisi. Kanuni mpya za madini zilitangazwa Januari 2018. Mwenyekiti wa Tume, Profesa Idris Kikula, aliteuliwa Aprili 2018. Kati ya Julai na hapo, sheria ya zamani ya leseni ilikuwa imeondoka na mtu wa kutoa leseni kwa sheria mpya alikuwa bado hajakaa kitini.

Miezi hiyo ina sura ya mjomba wangu.

Yeye na wenzake 7 walikuwa wamepata mwamba katika eneo lisilo na leseni, upande wa Kahama. Wakaelewana na mwenye shamba, wakachangishana pesa za ada, wakaandaa karatasi. Wakaambiwa wasubiri. Kusubiri machimboni si kukaa kwenye benchi. Duara likiachwa, maji yanajaa na matimba yanaoza, na habari ya mwamba mzuri haitunziki. Wakaendelea kuchimba. Kwa hiyo watu wanane waliokuwa wanataka kuhalalishwa walichimba miezi kadhaa kinyume cha sheria, kwa sababu ya kalenda tu. Wawili walikata tamaa wakahamia machimbo mengine. Mmoja aliuza sehemu yake kwa bei ya baiskeli. Na dirisha la maombi lilipofunguka, lilikuwa limeshakwisha kuombwa na mtu wa mjini ambaye hakuwahi kukanyaga shamba lile, ila alikuwa na kijana wa kumsomea Gazeti la Serikali.

Mjomba alinieleza haya bila hasira. Alisema yule bwana hakuiba, aliwahi. Nimelifikiria sana neno hilo. Sheria inapokuwa na siku mbili za kuzaliwa, mwenye kujua ya kwanza ana muda wa kutosha kujenga nyumba kabla mwenye kujua ya pili hajaamka. Hahitaji kutoa rushwa. Anahitaji kusoma tu.

Mtu anaweza kusema kwamba machimboni hakuna sheria hata hivyo. Aseme hivyo ambaye hajakaa siku mbili Rwamagasa au Mwakitolyo. Sheria ya duara ni kali na inajulikana. Mawe yakitoka huhesabiwa kwa mifuko, na kila mmoja anajua fungu lake kabla mfuko wa kwanza haujafungwa: mwenye leseni kama yupo, mwenye shamba, mwenye duara aliyelisha watu wakati wa kushusha, na wachimbaji wenyewe. Mgeni huambiwa yote hayo jioni ya kwanza, kabla hajapewa kofia na tochi. Sheria hiyo nayo ina dhuluma zake. Katika machimbo mengi mwanamke haruhusiwi kushuka shimoni, na wapo wanaosema akikaribia mwamba unapotea. Hakuna kifungu cha Sheria ya Madini kinachomzuia. Wanawake nilioongea nao mwaloni, wakiosha mchanga huku zebaki ikicheza viganjani mwao, walishangaa kusikia kwamba kwa mujibu wa Sura ya 123 wanaweza kuomba PML sawa na mwanamume yeyote. Mmoja, mkubwa kwa umri kwa mama yangu, aliniuliza: mwanangu, hiyo imeanza lini? Nikamtajia mwaka. Akacheka, akarudi kwenye beseni lake.

Nisije nikaeleweka kwamba sheria ya Serikali haifiki kamwe. Ikitaka, hufika haraka mno. Januari 22, 2019, wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa madini walikutana na Rais Dar es Salaam. Kilio chao kikubwa kilikuwa kodi: VAT ya asilimia 18 na zuio la asilimia 5, juu ya mrabaha na ada. Geita neno VAT lina maana mbili. Kuna ile ya kodi, na kuna "vati", bwawa la kuchenjulia mchanga wa marudio kwa sayanaidi. Watani husema zote mbili zinanyonya dhahabu, ila ya pili hukurudishia kidogo. Februari marekebisho yalishapita bungeni, tena kwa haraka, na kodi hizo mbili zikaondolewa kwa mchimbaji mdogo anayeuza katika soko rasmi. Kanuni za masoko zikaandaliwa. Machi 17, Waziri Mkuu Majaliwa akafungua soko la kwanza la dhahabu nchini, mjini Geita. Ilikuwa chini ya miezi miwili tangu kilio kitolewe.

Safari hii sheria ilifika. Sikukutana na broka hata mmoja Katoro ambaye hakuijua. Alikuambia mrabaha 6, ukaguzi 1, ushuru wa halmashauri 0.3, jumla 7.3, kama mtoto anayesoma jedwali. Kwa nini hii ilifika wakati nyingine zilipotea njiani? Sidhani ni kwa sababu iliandikwa vizuri zaidi. Iliandikwa kwa Kiingereza kama dada zake. Ilifika kwa sababu ilipewa jengo, mizani na dirisha, na kwa sababu ilianzia kwa watu waliokuwa wakiisubiri. Waliokwenda Dar es Salaam kulia ndio waliorudi nayo. Hawakuhitaji Gazeti la Ijumaa, walikuwepo chumbani.

Ni sungusungu tena, kwa njia nyingine. Sheria inayoanzia kwenye haja ya watu, watu wenyewe huibeba. Ile inayoanzia mbali hutegemea mchukuzi, na mchukuzi hufika kwanza kwake.

Februari 2021 Bunge lilifanya jambo ambalo naamini wanahistoria watalipa uzito kuliko tulivyolipa sisi. Lilibadilisha kifungu cha 84 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria. Kazi ya kutafsiri zile za zamani ikaanza, na ni kazi kubwa. Aprili 2025 Rais Samia alizindua Dodoma toleo jipya la sheria zote zilizofanyiwa urekebu, linaloitwa Toleo la 2023, na likaanza kutumika Julai 1, 2025. Majina mawili ya miaka, vitabu vilevile. Mjomba nilipomweleza aliuliza kama urekebu maana yake mambo yamebadilika. Nikamwambia kwa sehemu kubwa ni kupanga upya, kuingiza marekebisho yote mahali pake. Akasema ni kama kufunga matimba mapya katika duara la zamani. Sijapata mfano bora zaidi darasani.

Kiswahili kitasaidia. Lakini kitaondoa kizuizi kimoja kati ya viwili. Kanuni inayosomeka lakini ikabaki Dodoma bado itamnufaisha mwenye kijana wa kumsomea. Bibi wa mwaloni hakukosa haki yake kwa sababu ya msamiati tu. Hakuna aliyemletea. Tuna maofisa wa madini wa mikoa, tuna redio za Geita na Kahama zinazosikika hadi chini ya turubai, tuna watendaji wa vijiji, tuna mikutano ya hadhara. Dola iliyoweza kufikisha amri Bulyanhulu kwa siku moja haiwezi kusema kwamba haina njia ya kufikisha haki.

Katika daftari langu la utafiti nimechora jedwali la safu mbili. Safu ya kwanza ni ya Gazeti: Julai 1, 1999. Novemba 1, 2010. Julai 2017. Januari 2018. Iliniichukua siku moja kuijaza. Safu ya pili nimeiandika juu yake "walisikia lini, kwa nani". Hii naijaza kwa kuwauliza wazee, mabroka, wenye maduara na akina mama wa mwaloni, mmoja mmoja, na karibu kila jibu lina jina la mtu aliyewahi kusikia kabla yao. Ina nafasi nyingi tupu bado. Kwenye mstari wa haki ya mwanamke kuomba leseni, kwa yule mama wa mwaloni, nimeandika tarehe ya siku niliyoongea naye, na mbele yake nikaandika: mimi.